Wanaotafuta Wenye Nyimbo

Agosti 1941, katika shamba la pamba la Stovall karibu na Clarksdale, Mississippi, kijana mmoja alikaa na gitaa lake mbele ya mashine ya kurekodi ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Aliitwa McKinley Morganfield. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Muddy Waters. Waliomfuata ni Alan Lomax wa Maktaba hiyo na John Work, profesa wa muziki wa Chuo Kikuu cha Fisk. Wimbo ulipokwisha, Lomax akamuuliza aliupataje. Kijana akajibu kuwa ulimjia mwaka 1938 alipokuwa akiziba pancha ya gari, moyo ukimuuma kwa sababu ya msichana. Mazungumzo yakiendelea, akasema wimbo huo umetoka mashamba ya pamba na kwamba mwimbaji wa bluzi Robert Johnson alikwisha kuutoa kwenye santuri. Kisha akasema alifundishwa na mwimbaji mwingine, Son House.

Wapo wanaoyasikiliza mahojiano hayo na kusema kijana alijikanganya. Mimi naamini alisema kweli kila mara. Maneno aliyoyapanga siku ya pancha yalikuwa yake. Lahani aliipata kwa Son House, aliyeirekodi mwaka 1930 huko Grafton, Wisconsin, kwa jina la "My Black Mama". Johnson naye aliipitia lahani hiyohiyo katika "Walkin' Blues" ya mwaka 1936. Na Son House alipozeeka alisimulia kwamba yeye alifundishwa na mtu aitwaye James McCoy. Ukifika kwa McCoy, santuri hazikusaidii tena. Unabaki na kumbukumbu za watu.

Ninawaheshimu mno watu wanaoifanya safari hiyo ya kurudi nyuma. Wengi wao hawakuajiriwa na mtu. Miaka ya 1960 Gayle Dean Wardlow alizunguka Mississippi akibisha hodi nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Weusi, akiuliza kama kuna santuri za zamani za kuuza. Ndiye aliyekipata, mwaka 1968, cheti cha kifo cha Robert Johnson, chenye tarehe 16 Agosti 1938. Mtu aliyekuwa amegeuzwa hadithi ya kuuza roho kwa shetani kwenye njia panda akarudi kuwa mtu, mwenye tarehe na mahali. Kwangu mimi karatasi ile ina thamani kubwa kuliko ngano zote zilizotungwa juu yake.

Kazi yenyewe inataka sikio na subira. Santuri za Paramount, kampuni iliyokuwa chini ya watengenezaji wa viti wa Port Washington, zilitengenezwa kwa malighafi hafifu, na baadhi ya nyimbo zimebaki katika nakala moja au mbili zilizochakaa. Msikilizaji anarudisha sindano tena na tena mpaka neno litoke katikati ya mikwaruzo. Anasoma namba iliyochongwa karibu na lebo, kwa kuwa namba hiyo humwonyesha wimbo gani ulirekodiwa kabla ya upi. Majina ya miji, reli na mito hayamponyoki. Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928, kisha akarudi kulima na jina lake likasahaulika. Katika wimbo mmoja alitaja Avalon kuwa ndiko kwao. Mwaka 1963 Tom Hoskins aliufuata mstari huo, akakitafuta kijiji kwenye ramani ya zamani, akaenda, akamkuta mzee yu hai na vidole vyake bado vyepesi.

Ugumu huanza linapokuja suala la utunzi. Katika bluzi kuna beti zinazohama: leo ziko Texas, kesho Memphis, na kila mwimbaji anaziingiza panapomfaa. "Roll and Tumble Blues" ilirekodiwa na Hambone Willie Newbern mwaka 1929. Johnson akaivika lahani hiyo maneno mengine mwaka 1936, Muddy Waters akaitoa Chicago mwaka 1950 ikiwa na jina lake kama mtunzi, na mwaka 1966 ikafika kwa bendi ya Cream ya Uingereza. Newbern alitangulia kwenye santuri, lakini kutangulia studio si kutunga. Mfuatiliaji mwaminifu huandika hivyohivyo, hata kama wasomaji wanadai jina moja.

Lakini kauli ya kwamba "hizi ni nyimbo za jadi, ni za wote" imewanufaisha watu ambao hawakuwahi kushika jembe Mississippi. Rolling Stones walipoitoa "Love in Vain" mwaka 1969, lebo ilimtaja mtunzi kuwa Woody Payne, jina la kubuni. Wimbo ni wa Robert Johnson. Baadaye ikazuka kesi, na upande mmoja ukadai kwamba kutolewa kwa santuri zake enzi zile kuliufanya wimbo kuwa mali ya umma. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa hoja hiyo.

Nilifurahi niliposoma uamuzi ule, na bado nafurahi. Hata hivyo, chukua wimbo huo wa Johnson uusikilize sambamba na ule wa Leroy Carr wa mwaka 1935 kuhusu jioni na kuzama kwa jua. Utasikia lahani ya Carr ikitembea ndani ya wimbo wa Johnson, taratibu, kwa mwendo uleule. Maneno ya treni na sanduku la safari ni ya Johnson, na uchungu wa gitaa lile ni wake. Carr alifariki mwaka huohuo wa 1935. Mahakama iliulizwa kuhusu haki za mali, ikajibu kuhusu mali. Jina la Carr likitajwa leo pembeni ya wimbo huo, ni kwa sababu kuna mtu aliyeweka santuri mbili mezani akazisikiliza zote hadi mwisho.