Grace Ogot asomwe kwa jozi

Kundi la wasomaji likishakubaliana mwandishi, ubishi unaobaki ni wa vitabu, na kwa kawaida humalizwa kwa kura au kwa kufuata miaka ya kuchapishwa. Kura hukipa ushindi kitabu ambacho wengi wamekwisha kukisoma. Miaka ya kuchapishwa huligeuza kundi kuwa darasa, na likifika kitabu cha tatu nusu ya wanachama wana matanga au harusi ya kuhudhuria. Kwa Grace Ogot hasara ni kubwa zaidi, maana alikuwa mwandishi wa kurudi. Jambo aliloligusa katika hadithi fupi utalikuta tena ndani ya riwaya, au ndani ya kitabu cha Dholuo, au katika kitabu kilichotoka mwaka uleule kwa mchapishaji yuleyule, limegeuzwa upande wa pili. Ukimsoma kitabu kimoja kimoja hulioni hilo. Ukiweka viwili mezani kwa pamoja, mazungumzo yanajianzisha yenyewe.

Vitabu vyenyewe si vingi. The Promised Land ilitoka 1966, mkusanyiko wa Land Without Thunder 1968, vyote viwili kwa East African Publishing House ya Nairobi. The Other Woman ilifuata 1976. Mwaka 1980 Uzima Press ikatoa viwili, The Graduate na The Island of Tears. Kisha Ogot akageukia Dholuo, na kitabu kinachojulikana zaidi katika hivyo ni Miaha cha 1983, ambacho Okoth Okombo alikitafsiri kwa Kiingereza kwa jina The Strange Bride, 1989. Tawasifu yake, Days of My Life, ilitoka 2012 kwa Anyange Press ya hapa Kisumu.

Najua atakuwapo mtu wa kuuliza kwa nini asiwe Margaret Ogola, ambaye kama Ogot alikuwa wa Asembo. The River and the Source ni riwaya nzuri, ilishinda tuzo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1995 kwa kitabu cha kwanza upande wa Afrika, nami siibishii. Tatizo ni kwamba ilikuwa kitabu teule cha shule. Wengi waliisoma wakiwa na penseli mkononi wakipigia mstari dhamira na sifa za wahusika, na wakikutana ukubwani huanza kukumbushana maswali ya mtihani. Ogola asubiri mwaka mwingine.

Jozi ya kwanza iwe fupi, ya kikao kimoja, isomwe kwa sauti: "The Rain Came" kutoka Land Without Thunder, pamoja na hekaya ya Simbi Nyaima, ambayo Ogot aliiandikia kitabu cha Dholuo. Katika "The Rain Came" Chifu Labong'o ana binti mmoja tu, Oganda. Ukame umekaza. Ndithi, mganga wa mvua, ameota kwamba Podho, mhenga wa Waluo, anataka msichana huyo atolewe kwa ziwa. Msomaji anaambiwa haya mapema, Oganda haambiwi. Anawaona wazazi na jamaa wamekusanyika faraghani, naye anaanza kukisia ni kijana gani amekuja kumposa. Ufundi wa hadithi uko papo hapo. Kwa muda mrefu msomaji na msichana wanautazama mkutano mmoja, huyu anaona kifo na yule anaona harusi, na mwandishi haingilii kati kumsahihisha yeyote. Mwandishi mwenye papara angeificha siri hadi mwisho ili atushtue. Ogot aliitoa mwanzoni, na tangu hapo kila tabasamu la Oganda linatuumiza.

Halafu kuna suala la jina la hadithi, ambalo kundi lolote litalila saa nzima. Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Makerere, Ogot aliisoma ikiitwa "A Year of Sacrifice", na kwa jina hilo ikachapishwa katika jarida la Black Orpheus mwaka 1963. Jina hilo linaahidi kafara, na kafara haitokei: Osinda, kijana anayempenda Oganda, anamfuata hadi karibu na maji, anamfunika kwa majani ili wasionekane na macho ya wahenga wala ya zimwi la ziwani, wanatoroka. Jina la baadaye linataja mvua peke yake, na mvua inanyesha kweli, kwa radi na kishindo, wakati msichana hayuko tena mikononi mwa ziwa. Kwa nini ilinyesha? Atatokea wa kusema kwamba utiifu wa Oganda ulitosha, kwa kuwa alitembea mpaka mwisho. Mwingine atasema mvua ilikuwa njiani tangu awali na Ndithi alikosea. Wa tatu, na huwa ni mzee, atasema hadithi haijaisha, deni bado lipo. Ogot hamsaidii hata mmoja wao. Jina jipya limehamisha uzito kutoka kwenye kisu hadi kwenye swali hilo.

Hapo ndipo Simbi Nyaima inapoingia. Ni ziwa dogo la kreta karibu na Kendu Bay. Kutoka Kisumu unapita Ahero na Katito. Maji yake ni ya magadi, hayana samaki. Masimulizi yake karibu kila mtu wa huko Karachuonyo anayo: kijiji kiko katika sherehe ya pombe, bibi kizee mgeni anabisha hodi akifukuzwa na baridi, wanamtimua, na usiku huo maji yanakimeza kijiji kizima. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kufungua kitabu, wanachama wenye asili ya huko wasimulie wanavyoijua. Matoleo yatapishana: nani alimhurumia bibi, nani alinusurika, bibi alisema nini. Kundi likishasikia matoleo mawili matatu litaona wazi ni nini Ogot amechagua na nini amekiacha. Na jozi yenyewe itaanza kuuma: katika hadithi moja ziwa linadai mtu mmoja, linanyimwa, na nchi inapata mvua, katika nyingine ziwa halikudai chochote, mgeni alinyimwa nafasi kando ya moto, na kijiji kikaondoka chote. Ogot aliwahi kueleza kwamba alipopeleka hadithi zake za mwanzo katika East African Literature Bureau, hawakuelewa mwanamke Mkristo anaandikaje mambo ya kafara na waganga badala ya wokovu. Kundi lenye wanakwaya litalijadili hilo bila kusukumwa.

Jozi ya pili ni nzito zaidi: The Promised Land na hadithi fupi ya "The Old White Witch". Wengi huisoma riwaya ile kama hadithi ya uhamaji, na si makosa. Ochola na mkewe Nyapol, wachanga katika ndoa, wanatoka Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Nyapol hataki, kwake kuhama ni kuyapa kisogo makaburi ya waliowatangulia. Wanafanikiwa, mazao yanajaa, na jirani mzee mwenye uganga anaona wivu. Ochola anaota miiba mwilini. Sasa kumbuka mwandishi ni nani. Ogot alisomea uuguzi Mengo, Uganda, kisha Uingereza, akafundisha ukunga katika hospitali ya Maseno. Msomaji anayejua hayo anatarajia daktari Mzungu ashinde. Hashindi. Hospitali inajaribu na kushindwa. Anayeiondoa ile miiba ni mganga, Magungu, na gharama yake ni kuihama nchi ile na kuacha mali yote. Muuguzi ameandika riwaya ambamo hospitali inashindwa, bila kuidhihaki na bila kuomba radhi.

Je, hilo ni ungamo la imani au ni mbinu? Mimi naona ni mbinu, na "The Old White Witch" ndiyo inayonishawishi. Pale tuko ndani ya hospitali ya misheni, wauguzi wa Kiafrika wanagoma kwa sababu wametakiwa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa. Kwa matroni hiyo ni kazi ya kawaida ya muuguzi. Kwa wasichana wale, na kwa wazazi wao, ni aibu itakayowafuata hadi kwenye ndoa. Ogot anaziacha sheria mbili zigongane ndani ya wodi moja, kila moja na mantiki yake kamili. Ukirudi kwenye riwaya baada ya hapo unaona kazi ni ileile: Magungu na daktari hawashindani nani anajua zaidi, wanatibu maradhi mawili tofauti yaliyokaa kwenye ngozi moja. Ndiyo maana nashauri hadithi fupi isomwe katikati ya riwaya, pale Ochola anapoanza kuugua. Mpangilio huu utawakera wanaopenda kumaliza kitabu kabla ya kugusa kingine. Wavumilie.

Kwa kundi lenye pumzi kuna mwenza wa tatu, tena kutoka nyumba ileile. Bethwell Ogot, mumewe, mwanahistoria aliyefariki Januari 2025, alitoa History of the Southern Luo mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya The Promised Land na kwa mchapishaji yuleyule. Kitabu cha mume kinaeleza kuhama na kutulia kwa Waluo kati ya 1500 na 1900. Cha mke kinamtazama mwanamke mmoja asiyetaka kupanda chombo. Cha mume, sura mbili tatu za kwanza zinatosha. Kuzisoma zote ni adhabu.

Jozi ninayoipenda kuliko zote inaundwa na vitabu ambavyo hakuna kura itakayovipa nafasi, vile viwili vya Uzima vya 1980. The Graduate ni riwaya fupi, na nitasema wazi kwamba kama riwaya ina udhaifu: watu wanahutubia panapofaa wazungumze, na ajenda inatangulia mbele ya mhusika. Juanina Karungaru ni waziri mwanamke anayekwenda Marekani kuwashawishi wasomi wa Kenya warudi nyumbani. Jakoyo Seda anarudi na kukuta mlango unalindwa na wageni waliobaki ofisini baada ya uhuru. Ikisomwa peke yake, kundi litaimaliza kwa dakika 40 na kuanza kuzungumzia bei ya mbuta Dunga.

Iweke kando ya hadithi iliyoupa jina mkusanyiko wa The Island of Tears. Hiyo ni hadithi ya maombolezo ya Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa kwao kisiwani Rusinga. Mboya ndiye aliyeongoza mpango wa ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani, ya kwanza ikibeba wanafunzi 81 mnamo Septemba 1959, na kufikia 1963 walikuwa takriban 800. Kwa hiyo mwaka mmoja, kwa mchapishaji mmoja, Ogot alitoa maombolezo ya mtu aliyewapeleka vijana ng'ambo na riwaya ya mwanamke anayekwenda kuwarudisha. Sijui jozi nyingine katika fasihi ya Kenya inayokaa vizuri hivyo. Hadithi fupi inalia na inaruhusiwa kulia. Riwaya inapanga, inaandika barua, inafuatilia vyeo. Ukali wa Juanina kuhusu nafasi za kazi, ambao peke yake unachosha, unapata uzito ukishatoka Rusinga.

Kisumu ina sababu yake ya kumsoma Juanina kwa jicho la karibu. Grace Onyango alikuwa meya wa mji huu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni, kwa kiti cha Kisumu Mjini. Waziri mwanamke nje ya riwaya ilibidi asubiriwe hadi 1995, Nyiva Mwendwa alipoteuliwa. Ogot alimwandika miaka 15 kabla.

Miaha haihitaji maelezo mengi. Chukueni Dholuo na Kiingereza kwa pamoja. Wanaosoma Dholuo wasome kwa sauti, wengine wafuate kwa The Strange Bride. Nyawir, bibi harusi mpya, analivunja agizo la jembe ambalo lilitakiwa kugusa ardhi mara moja tu na kujilimia lenyewe, na tangu hapo watu wanalima kwa jasho. Ubishi kuhusu kama alikosa au alikomboa utawamaliza wanaume wote kikaoni. The Other Woman sijaipa mwenzake. "The Middle Door", yule mama ndani ya gari moshi la usiku anayewakabili askari kwa bastola ya kuchezea, asome kila mtu kwa wakati wake.

Kikwazo ni nakala. Land Without Thunder na The Promised Land zilirudishwa sokoni na East African Educational Publishers, hivyo hupatikana. Vya Uzima na vya Dholuo vitafuteni katika maktaba, kwenye vitabu vya mitumba na kwenye kabati za walimu wastaafu wa Siaya. Kutoa kopi kitabu kizima si njia: Ogot alifariki Machi 2015, na sheria ya Kenya huilinda kazi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo. Nakala moja ikisomwa kwa sauti inalitosha kundi la watu kumi, na hadithi fupi ziko kwa urefu unaofaa hasa kwa hilo.

Days of My Life iwe ya mwisho, hata kama kuna mwenye nakala anayetaka kuianza. Aliyeisoma mapema humtafuta Mengo katika kila wodi na Asembo katika kila kijiji, na hadithi zinageuka kumbukumbu zilizobadilishwa majina. Sehemu moja tu inaruhusiwa kutangulia, ile ya siasa: Ogot alishinda kiti cha ubunge cha Gem katika uchaguzi mdogo wa 1985, na alikuwa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii. Hiyo isomwe mara tu baada ya The Graduate, kikao kinachofuata, wakati watu bado wanakumbuka Juanina alivyojibiwa ofisini.