Neno "Kipaji" na Watoto Wadogo wa Ufipa

Kipaji, kama kipawa, ni neno litokanalo na kupa: ni kitu ambacho mtu amekwisha pewa. Lakini katika elimu ya Tanzania neno hili limepata maana nyembamba. Shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora, ni za sekondari, na waingiao huchaguliwa kwa alama za mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hivyo kipaji hakitazamwi mtoto aingiapo shuleni, bali atokapo.

Katika uwanda wa juu wa Ufipa kasoro hii yaonekana wazi. Mtoto wa kijiji kilicho mbali na Sumbawanga huweza kuanza darasa la kwanza akijua Kifipa kuliko Kiswahili. Nyumbani hutegua vitendawili na kusimulia hadithi ndefu pasipo kukosea. Darasani hunyamaza, akahesabiwa kuwa mzito. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alitoa mwaka 1978 kitabu kizima juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Je, sanaa iliyostahili kitabu cha mtaalamu haistahili kutazamwa kwa mtoto?

Kiswahili hakina hatia. Ndicho kilichowafungulia watoto wa wakulima mlango wa elimu. Yafaa tu mwalimu wa darasa la kwanza, katika shule yoyote ya serikali, amsikilize mtoto kwa lugha aijuayo, hata kwa msaada wa mzee wa kijiji, kabla ya kumpima. Mtoto aliyekwisha itwa mzito miaka yote ya shule ya msingi, mtihani wa mwisho hauwezi kumgundua.