Mafuta Yaliyorudi Kinyumenyume

Desemba 1986, wakati ndege ya Voyager inavuka Afrika katika safari ya kuzunguka dunia bila kutua, marubani Dick Rutan na Jeana Yeager walikuwa na hofu moja: kwa hesabu za daftari lao, petroli isingewafikisha nyumbani. Mwenzao Doug Shane alipaa na ndege ya kukodi, akawalaki angani juu ya Kenya, akaikagua Voyager kwa macho kutafuta dalili za kuvuja.

Ndege ile haikutoka kiwandani. Ilibuniwa na Burt Rutan, mdogo wake Dick, ikaundwa bandani huko Mojave, California. Ilipaa na uzito wa kilo 4,400 hivi. Kati ya hizo, 3,180 zilikuwa mafuta, yaliyogawanywa katika matangi 17. Baadaye ilibainika kwamba sehemu ya petroli ilikuwa ikitoka kwenye tangi la kulishia injini na kurudi kinyumenyume ilikotoka. Daftari likawa linaandika matumizi makubwa kuliko ya kweli.

Anayeishi mtaa wa mgao wa maji ataelewa haraka. Maji yakirudi baada ya kukatika, hewa hutangulia bombani na kuzungusha mita, nawe unalipia upepo. Kihisi cha mafuta nacho ni kigurudumu chenye mapezi. Petroli hukizungusha, mapezi hukatiza mwale wa mwanga, na kila mkatizo ni pigo moja la umeme. Kihisi cha FT-60, maarufu kwa wanaojijengea ndege, kina namba ya 68,000 kwa galoni ya Marekani, yaani mapigo kama 18,000 kwa lita. Kompyuta hugawa mapigo kwa namba hiyo. Mwale hauulizi kigurudumu kinazungukia upande gani, wala kama kilichopita ni petroli au kiputo.

Namba hiyo ni ya kuanzia tu. Kona ya bomba karibu na kihisi, au mtikisiko wa pampu, huiharibu. Kwa hiyo kihisi kipimwe kikiwa ndani ya ndege yenyewe. Jaza tangi hadi alama, ruka, rudi pale pale uliposimama, jaza tena hadi alama ile ile. Skrini ikisema umetumia lita 52 na pampu ikatoa 50, zidisha namba kwa 52, gawa kwa 50: 18,000 inakuwa 18,720. Ukiigeuza sehemu hiyo kichwa chini, kosa linakuwa karibu maradufu. Afadhali safari ndefu, maana kukosea alama kwa lita moja katika 50 tayari ni asilimia 2. Joto nalo lina mkono wake: petroli hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10.

Lakini hakuna namba inayotibu njia mbovu. Injini ya Rotax 912 hurudisha tangini sehemu ya petroli kwa bomba la pili. Anayepima bomba la kwenda peke yake anahesabu petroli ile ile tena na tena, na kinachorudi hubadilika kila mara. Hapo funga vihisi viwili, kompyuta itoe cha kurudi katika cha kwenda.

Lita 2 katika 50 ni asilimia 4. Voyager ilitua California Desemba 23, baada ya siku 9 angani, ikiwa na kilo 48 hivi za petroli: asilimia 1.5 ya ilichopaa nacho.