Kwa Nini Kila Mtu Anapata Nne

Fomu yenyewe inajulikana karibu katika kila chuo cha ualimu. Kushoto vimepangwa vipengele: andalio la somo, utangulizi, umilisi wa mada, zana, matumizi ya ubao, sauti, ushirikishaji wa wanafunzi, matumizi ya muda, hitimisho. Kulia kuna 1 hadi 5. Chini kuna mistari michache ya maoni. Mwalimu tarajali mmoja anasimama mbele, wenzake wanakaa kwenye madawati wakijifanya Darasa la Tano, na baada ya dakika 10 au 15 anapigiwa makofi, fomu zinajazwa, mkufunzi anazikusanya. Ukizipitia utakuta nne, nne, tano, nne, nne. Kwenye maoni: "Mwalimu amejitahidi, ila aongeze sauti."

Maelezo ya haraka ni muhali. Leo nikikupa mbili, kesho zamu ni yangu, na jioni tunapanga foleni moja bwaloni. Hilo lipo, wala sibishi. Lakini muhali peke yake hauelezi kwa nini hata mwanachuo mkali, asiyeogopa kusema, huishia kuandika nne zilezile na kulalamikia sauti. Sauti ndiyo kasoro anayoweza kuigundua mtu wa dawati la nyuma bila kutazama chochote. Mimi naiona hitilafu kwenye kazi tunayompa: tunamtaka atoe hukumu tisa ndani ya dakika tano, juu ya jambo ambalo hakupata nafasi ya kulitazama.

Angalia anachofanya wakati somo linaendelea. Kwanza ni mwanafunzi wa kuigiza: anaitikia, ananyoosha kidole, anaimba wimbo wa kuchangamsha darasa, anafanya zoezi. Pili ni mtathmini. Huwezi kumpa mtu jezi na filimbi katika mechi moja ukategemea aone madhambi. Somo likiisha, kilichobaki kichwani mwake ni picha ya jumla tu: mwenzetu alikuwa mchangamfu, au mwenzetu alitetemeka. Picha hiyo ndiyo inayomwagwa kwenye vipengele vyote.

Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika jambo hili mwaka 1920 baada ya kuchunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima walio chini yao kwa umbo, akili, uongozi na tabia. Alama za sifa moja zilifuatana na za nyingine kupita kiasi, kana kwamba mtu mwenye umbo zuri hawezi kuwa kiongozi mbovu. Afisa alikuwa na maoni mamoja, akayaandika mara nne. Fomu yetu inamfanya mwanachuo ayaandike mara tisa, kisha tunajumlisha na kugawa, na wastani ukitoka na desimali tunauona una uzito wa kisayansi.

Somo fupi la mazoezi lilipoanza halikuwa hivi. Lilibuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, California, mwaka 1963, na Dwight Allen pamoja na wenzake. Mwalimu tarajali alifundisha kwa dakika tano hivi, mbele ya wanafunzi wanne au watano, akifanyia mazoezi stadi moja tu, kwa mfano kuuliza maswali. Baadaye alikaa na msimamizi kulizungumzia somo lake, mara nyingi wakilitazama kwenye mkanda wa video, kisha akalifundisha tena kwa kundi jingine. Wanafunzi hao walikuwa vijana halisi wa sekondari, si wanachuo wenzake.

Vyuo vingi vilivyouchukua utaratibu huo, vikiwa na wanachuo wengi na fungu dogo, viliupunguza ili utoshe. Stadi moja ikageuka orodha nzima. Wanafunzi halisi wakawa wanachuo wenza. Fundisho la pili likaondolewa. Kilichosalia ni ule ufupi. Kukosa video sikuhesabu kuwa hasara kubwa, maana siku hizi simu ya mwanachuo yeyote inarekodi, na mara nyingi picha zenyewe hazitazamwi na mtu baada ya siku ile. Kilichoumiza ni kufutwa kwa fundisho la pili. Tathmini ya mwenzako ina maana pale tu unapopata nafasi ya kuitumia kesho yake asubuhi. Bila hivyo, "aongeze sauti" inabaki karatasini, na karatasi iko kabatini kwa mkufunzi.

Wapo wanaohitimisha kwamba wanachuo hawawezi kupimana. Utafiti hausemi hivyo. Nancy Falchikov na Judy Goldfinch walikusanya tafiti 48 za elimu ya juu zilizolinganisha alama za wanafunzi kwa wenzao na alama za walimu wao, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Kwa wastani uhusiano kati ya alama hizo mbili ulikuwa 0.69, kiwango kizuri tu. Hata wakufunzi wawili wanaosahihisha insha moja hawakubaliani kila mara. Ila ndani ya wastani huo kuna mambo mawili yanayotugusa moja kwa moja. Wanafunzi walikaribiana zaidi na walimu walipotoa alama moja ya jumla kwa vigezo walivyovielewa vizuri kuliko walipopima kipengele kimoja kimoja. Na walikaribiana zaidi walipopima kazi za kitaaluma, kama insha na mawasilisho, kuliko walipopima utendaji wa taaluma kazini. Kufundisha kumo katika kundi hili la pili. Kwa hiyo fomu yetu imechagua mseto ulio dhaifu kuliko yote: vipengele vingi, juu ya utendaji.

Ningekuwa mkufunzi ningeanza kwa kuziondoa namba. Si kwa kuwa alama ni dhambi. Mkufunzi atazitoa mwenyewe wakati wa mazoezi ya kufundisha shuleni, na huko ndiko mahali pake. Mwenza apewe kazi ambayo mkufunzi aliye peke yake haiwezi: kuwa macho na masikio mengi kwa wakati mmoja.

Tuchukue somo la Hisabati, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, nusu kuongeza theluthi. Kundi lina watu wanane. Mmoja anafundisha, wanne wanakuwa wanafunzi, watatu wanakaa pembeni na hawaigizi chochote. Wa kwanza wa pembeni anaandika kila swali la mwalimu neno kwa neno, na kwa saa ya simu anahesabu sekunde zinazopita kabla mwalimu hajamtaja mtu au kujijibu mwenyewe. Wa pili amechora ramani ya madawati, naye anaweka alama kila mwanafunzi anapoulizwa au anapojibu. Wa tatu hamtazami mwalimu kabisa. Amekaa nyuma ya mwanafunzi mmoja, anaandika kilichoandikwa kwenye daftari lake na wakati kilipoandikwa.

Hakuna hata mmoja wao anayeombwa kusema kama somo lilikuwa zuri. Wanaombwa kuandika walichokiona, na tofauti inaonekana mara moja kwenye mazungumzo. Kwa utaratibu wa zamani mwenza angesema, "Mwalimu ashirikishe wanafunzi zaidi," na mfundishaji angejitetea kwamba aliwashirikisha. Sasa mwandishi wa maswali anasoma karatasi yake: "Mwalimu, uliuliza maswali 14. Tisa yalikuwa 'Tumeelewana?', 'Sawa?' na 'Si ndiyo?' Moja tu lilikuwa 'Kwa nini?', na ulilijibu mwenyewe baada ya sekunde moja." Hesabu hizi nimezitunga kwa mfano, ila yeyote aliyekaa nyuma ya darasa letu, la chuo au la shule, anaujua wimbo huo na kiitikio chake cha "Ndiyooo!" Kwa karatasi ya namna hii muhali hauna kazi. Msomaji hajamhukumu mtu; amesoma.

Sekunde zenyewe zina uzito wake. Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi katika shule za msingi za Marekani na kuandika matokeo yake miaka ya 1970, alikuta walimu husubiri kwa wastani sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, wanafunzi wengi zaidi waliojitolea kujibu, na "sijui" chache. Kwa mwalimu tarajali hili ni jambo la kulifanyia mazoezi mchana huohuo. "Boresha mbinu shirikishi" si jambo la kulifanyia mazoezi wakati wowote, kwa sababu hakuna ajuaye linaanzia wapi.

Karatasi ya daftari ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa darasa la kuigiza. Mtu mzima wa miaka 20 anajua kujumlisha nusu na theluthi. Atajibu sahihi, upesi, na kwa ukarimu, kwa sababu anataka mwenzake afaulu. Somo linateleza bila kugota popote, na mfundishaji anajifunza kwamba alieleza vizuri. Siku ya kwanza katika shule halisi anakutana na mtoto aliyejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akapata mbili ya tano, na hana la kusema isipokuwa "Hapana, mwingine!"

Dawa yake ni kumpa kila mwigizaji kosa. Kabla ya somo, mkufunzi anagawa vikaratasi ambavyo mfundishaji havioni: wewe unajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili; wewe unajua kutafuta kigawe kidogo cha shirika lakini unabadilisha asili tu na kusahau kiasi; wewe hujui kitu ila unanakili kwa jirani na kuitikia kwa sauti kubwa; wewe umeelewa lakini huzungumzi mpaka uitwe kwa jina. Makosa haya yasitungwe mezani. Vyuo vingi vina shule ya msingi ya mazoezi jirani. Mkufunzi aombe madaftari yaliyosahihishwa ya Darasa la Tano, achague makosa yanayojirudia. Hapo kuigiza kunapata kazi. Mwanachuo anayelazimika kulishikilia kosa dakika 10 nzima, akakataa kuliacha mpaka apewe sababu ya kuliacha, anajifunza kuhusu kosa hilo pengine kuliko anayefundisha.

Kisha mfundishaji anazungumza wa kwanza, si wa mwisho. Aseme alikusudia nini na wapi aliona mambo yamekwenda kinyume. Wenzake wasome karatasi zao. Halafu kundi zima lichague kitu kimoja cha kubadilisha, na kipande hicho, dakika nne au tano, kifundishwe tena palepale. Napendelea kifundishwe na mtu mwingine wa kundi. Akisimama yuleyule, macho yote yanatafuta kama amejirekebisha, na hukumu imerudi kwa mlango wa nyuma. Akisimama mwingine, somo limekuwa la kundi.

Hapa nakopa kwa Wajapani, ambao utamaduni wao wa walimu kuandaa somo pamoja, kulitazama pamoja na kulirekebisha pamoja una zaidi ya karne. Afrika Mashariki ilipata kuonja jambo la aina hiyo kupitia mradi wa SMASSE, ulioanza Kenya mwaka 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la maendeleo la Japani, kwa ajili ya walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari. Mzunguko wake ulikuwa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Hatua mbili za mwisho ndizo fomu ya alama inazoziruka.

Pingamizi la wakufunzi nalijua: muda. Tupige hesabu. Somo dakika 10, mazungumzo 10, fundisho la pili 5, na dakika 5 za kubadilishana nafasi. Nusu saa kwa mtu mmoja, saa nne kwa kundi la wanane. Darasa la wanachuo 48 lina makundi sita, na mkufunzi ni mmoja. Hawezi kukaa kwenye makundi yote, na hilo silioni kuwa kikwazo. Karatasi za ushahidi zinamwezesha kufuatilia kundi ambalo hakulitazama, jambo ambalo nne, nne, tano haziwezi kumsaidia. Atapita kundi hadi kundi, na jioni atasoma maswali 14 ya mtu ambaye hakumsikia akifundisha. Saa nne nazo si lazima zikae siku moja; wawili wakifundisha kila kipindi cha saa moja, kundi linamaliza kwa vipindi vinne.

Kuna mahali ambapo wenza hawatafika hata ukiwapa karatasi za namna gani, nako ni kwenye maarifa ya mada yenyewe. Ikiwa wanane wote walikariri kwamba unatafuta kigawe, unagawanya, unazidisha, na hakuna anayeweza kueleza kwa nini nusu na theluthi zinahitaji kugeuzwa kuwa sehemu za sita kabla ya kujumlishwa, basi karatasi tatu zitarudi safi. Maswali yameandikwa, ramani imejaa vizuri, daftari lina jibu sahihi, tano ya sita, na hakuna aliyeona kwamba hakuna kilichoelezwa. Hapo hakuna mbinu ya kutathminiana itakayosaidia. Anahitajika mkufunzi anayeijua Hisabati yake. Ndiyo maana ningemshauri, anapopita kwenye makundi, aache kuuliza kama zana zilitosha, achukue kipande cha karatasi, na amwombe yeyote kati ya wale wanane akikunje amwonyeshe nusu na theluthi.