Aqila, Bima ya Dhima na Haki ya Aliyejeruhiwa

 

Kila inapotajwa hukumu ya bima, hakikosi kutajwa kitabu cha Nidham at-Ta'min cha Sheikh Mustafa Ahmad az-Zarqa (1904-1999), mwanachuoni wa Kihanafi wa Halab, kilichochapwa Beirut mwaka 1984. Asili yake ni utafiti aliouwasilisha Damascus mwaka 1961 katika Wiki ya Fiqhi, ambako Sheikh Muhammad Abu Zahra alisimama upande wa pili. Tumekirejea kwa ajili ya mas-ala moja tu, nayo ni bima ya dhima kwa umma: ile anayoikata mwenye duka, hoteli au karakana ili mteja au mpita njia akiumia kwa sababu ya biashara ile, au mali yake ikiharibika, kampuni ndiyo ilipe.

Kilichoturudisha kwenye kitabu ni swali. Kijana mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri. Mama yake aliteleza dukani kwenye mafuta ya kula yaliyomwagika tangu asubuhi na kuachwa, akavunjika nyonga. Mwenye duka ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Hakukata bima kwa kuwa alisikia kwenye khutba kwamba bima ni haramu, na hakulipa chochote kwa kuwa, alisema, yale ni makadirio ya Mungu. Neno lake la kwanza lina dalili. La pili halina.

Tuanze na sheikh. Az-Zarqa aliihalalisha bima kwa hoja kadhaa: kwamba asili ya mikataba ni kufaa, kwamba mafakihi waliruhusu dhamana ya hatari ya njiani, kwamba Wamaliki wanailazimisha ahadi, na nyinginezo. Lakini katika bima ya dhima hoja yake yenye nguvu kuliko zote ni aqila. Msomaji anaijua hadithi ya Abu Hurayra (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya wanawake wawili wa Hudhayl: mmoja alimrushia mwenziwe jiwe, akamuua yeye na kilichomo tumboni mwake, na Mtume (S.A.W.) akaamua dia ilipwe na aqila wa aliyeua, yaani jamaa zake wa upande wa baba. Mtu mmoja alikosea, wakalipa wengi, na aliyefikwa na msiba hakupoteza haki yake. Sheikh akauliza: ikiwa sheria yenyewe imewalazimisha watu kubebeana mzigo huu, kuna ubaya gani wakaupanga kwa mkataba na kwa hiari yao?

Swali ni zuri, na wengi waliomjibu hawakulipa uzito wake. Hata hivyo hatukubaliani na jibu lake. Aqila hawauzi kitu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i tajiri wao hutoa nusu dinari kwa mwaka na wa kati robo dinari, na hawatoi mpaka msiba utokee. Hakuna mfuko wa faida unaobaki mikononi mwa mtu wa tatu. Tena aqila hawabebi mali iliyoharibiwa, wala kosa la makusudi, ilhali bima hii inalipa gari lililogongwa na geti sawasawa na mguu uliovunjika. Qiyasi hii basi inachukua sehemu ya asili na kuacha sehemu. Na aqila hawamwambii majeruhi kwamba jamaa yao alichelewa kutoa taarifa, kwa hiyo hakuna malipo. Kampuni inaweza kumwambia hivyo, na majeruhi hakuwahi kutia saini popote.

Kwa insafu tuseme pia kwamba kampuni hufanya jambo ambalo aqila walilifanya kwa ukali wao: kumzuia mzembe. Hukagua mitungi ya gesi, hutaka vizima moto, na humpandishia ada mwenye ajali nyingi.

Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1398 Hijria (1978) liliharamisha bima ya biashara, na az-Zarqa alikuwa mjumbe pekee aliyepinga. Chuo cha Fiqhi cha Jumuiya ya nchi za Kiislamu, kilipokutana Jeddah Desemba 1985, kilisema vivyo hivyo kuhusu mkataba wa ada maalumu kwa sababu ya gharar kubwa iliyomo, kikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana iliyojengwa juu ya kutoa kwa hisani. Nasi tuko pamoja nao katika mkataba ule.

Ila lawama yetu kubwa si kwa az-Zarqa. Ni kwetu sisi wa mimbari. Tumeisoma nusu ya azimio la Jeddah. Tumewaambia wafanyabiashara "msikate", tukashuka, na hatukuwaambia kwamba dhamana iko palepale shingoni mwao. Kwani dhima ni neno letu, limetoka katika fiqhi, na halikuletwa na makampuni.

Minhaj ya Imam Nawawi inasomeshwa katika madrasa zetu za pwani, lakini wanafunzi wengi huishia kwenye ibada na ndoa, na mlango wa yanayowajibisha dia hawaufikii. Humo mna mtu aliyetupa maganda ya tikiti njiani, akateleza mwingine: kauli sahihi ni kwamba ana dhamana. Mna mfereji wa paa unaoangukia wapita njia. Na mna mas-ala ya mtu aliyechimba kisima ukumbini mwa nyumba yake kisha akamwita mgeni, naye akatumbukia. Mchimbaji alichimba kwake mwenyewe, na pamoja na hayo kauli yenye nguvu ni kwamba ana dhamana, maana yeye ndiye aliyemwita. Mwenye duka naye anaita watu kwa kibao, kwa taa, na kwa kijana anayenadi bei mlangoni. Mafuta aliyoyaona na kuyaacha sakafuni yana tofauti gani na kisima?

Na nani alipe? Nawawi anapanga: aqila, wakikosekana Baitul-mali, na isipopatikana inarudi yote kwa mkosaji mwenyewe. Leo aqila wametawanyika, na Baitul-mali ya namna hiyo hatuna. Basi mwenye kuacha bima kwa uchamungu ajue kwamba amejifunga mzigo mzima peke yake, na aweke akiba yake tangu sasa.

Mwenye kutaka msaada asiambiwe hakuna njia. Sudan ilianza kampuni ya bima ya Kiislamu mwaka 1979, na Kenya ilipata kampuni ya takaful mwaka 2011. Pasipokuwa na kampuni, al-Marghinani (aliyefariki 593 Hijria) katika al-Hidaya ana neno linalotufaa: watu wakiwa wanasaidiana kwa kazi zao, basi aqila wao ni wenzao wa kazi. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye mlango: wenye maduka ya soko moja wachangie mfuko kwa hisani, wenye kamati na daftari lililo wazi. Mtungi mmoja wa gesi unaweza kuumaliza mfuko mdogo, kwa hiyo uwe na kiwango cha mwisho cha kulipa, na wanachama wakiambiwe mapema.

Tulimwendea yule mwenye duka na Minhaj mkononi. Alisoma mas-ala ya kisima mara mbili. Hakubisha, aliuliza tu kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Tukamwambia kwamba jeraha la namna ile lina hukuma, fidia anayoikadiria kadhi, na kwamba fidia isiyozidi theluthi ya dia muda wake ni mwaka mmoja. Akatuomba twende naye kwa mama wa yule kijana Ijumaa.