Enzi za Mkono Mmoja

Waulize mashabiki wawili wa Jack Kirby ni miaka ipi aliyochora vizuri kuliko yote, na mjadala hautaisha siku hiyo. Mmoja atashika 1966, mwingine 1972, na hakosekani wa tatu anayeapa kwamba hakuna kilichowahi kuushinda mwaka wa 1941. Kirby alichora katuni kwa zaidi ya miaka arobaini, hivyo kila mmoja ana hoja. Mimi nina upande wangu na nitausema. Lakini kwanza nausifu mjadala wenyewe, maana unamlazimisha mtu aache habari za mashujaa na nguvu zao, aanze kutazama mstari: nani aliuchora, kwa kifaa gani, kwenye karatasi ya ukubwa gani.

Kirby alizaliwa New York mwaka 1917, akaitwa Jacob Kurtzberg, mtoto wa wahamiaji Wayahudi katika mitaa maskini ya Lower East Side, ambako vijana walipigana mtaa kwa mtaa. Ngumi alizijua kabla ya kujua penseli. Kwenye jalada la kwanza la Captain America, shujaa aliyembuni pamoja na Joe Simon, Hitler anapigwa ngumi ya taya, na toleo hilo lilitoka karibu mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. Wanaoipenda enzi hii hupenda namna miili inavyokataa kukaa ndani ya visanduku. Mguu unavuka mpaka, kiwiliwili kinapinda, mtu anaruka kumfuata msomaji. Ni mchoro wa kijana mwenye haraka, na haraka hiyo ina raha yake.

Kisha vita vikamchukua. Alipelekwa Ufaransa mwaka 1944 akiwa askari wa miguu, na baridi ya majira yale nusura imkoseshe miguu. Aliporudi, yeye na Simon walianzisha katuni za mapenzi kwa Young Romance ya 1947, na kuelekea 1960 alikuwa akichora majitu ya kutisha, miongoni mwao Groot, ambaye watoto wa leo wanamjua kutoka sinema. Ni wachache wanaoipigania miaka hiyo, ingawa anayetaka kujua Kirby alivyojifunza kuchora uso unaowaza na atazame zile hadithi za mapenzi.

Uzito wote uko baada ya hapo. Katuni ya Fantastic Four ilianza 1961, na Kirby alichora matoleo 102 mfululizo. Wengi wakisema enzi ya dhahabu wanakusudia kipande kifupi tu ndani yake, tangu mwisho wa 1965 hadi 1967 hivi. Huko ndiko aliko Galactus anayekula sayari, na yule msafiri wa fedha juu ya ubao wake ambaye Kirby alimchora bila mwandishi, Stan Lee, kumwomba. Huko ndiko alikozaliwa Black Panther, Julai 1966, mfalme Mwafrika katika nchi yenye mitambo mingi kuliko New York yenyewe. Hata moto wa angani ulipata alama yake: madoadoa meusi ya duara yaliyosongamana, ambayo hadi leo wachoraji huyaiga wakitaka kuonyesha nguvu isiyoonekana kwa macho.

Lakini kwa nini miaka hiyo hasa? Katika katuni za Marekani kazi iligawanywa. Mmoja alichora kwa penseli, mwingine akapita juu kwa brashi na wino, kwa kuwa mitambo ya uchapaji haikuweza kuunasa ulaini wa penseli. Mwishoni mwa 1965 wino wa Fantastic Four ulikabidhiwa kwa Joe Sinnott, fundi wa mstari safi unaong'aa, na chuma cha Kirby kikaanza kuonekana chuma kweli. Kwenye katuni ya Thor alikuwapo Vince Colletta, mwenye vijistari vyembamba kama unyoya. Wapo wanaomsifu kwa kuzipa hadithi zile sura ya kale. Mimi siwezi kumsamehe mtu aliyefuta watu na majengo yaliyokwisha kuchorwa ili amalize upesi. Halafu, kuelekea 1968, karatasi za kuchorea zikapunguzwa: zamani zilikuwa mara mbili ya ukurasa uliochapwa, sasa mara moja na nusu. Visanduku vikapungua na watu wakajaa ndani yake. Wapo wanaodhani wakati huo Kirby alichoka, kumbe meza yake ilikuwa imebadilishwa.

Upande wangu ni 1971 hadi 1973. Alikuwa amehamia kampuni ya DC, anaandika, anachora na kuhariri mwenyewe, na kufikia mwisho wa 1971 wino wa mfululizo wake wa New Gods ulikuwa mikononi mwa Mike Royer, fundi aliyeheshimu kila alama ya penseli. Toleo la saba la New Gods linasimulia mapatano kati ya dunia mbili zilizochoka kupigana: kila mtawala anampa adui mwanawe amlee, ili amani ishike. Mtoto wa dhalimu analelewa kwenye mwanga, mtoto wa mwema anatupwa kwenye shimo la moto. Baba mwema anajua anachokitoa, na Kirby hatuondolei aibu hiyo. Sioni kama mtu asiyewahi kulala kwenye handaki la vita angeiandika hivyo. Mstari nao umekomaa: vidole vya mraba, vivuli vinavyokatika kama panga, hakuna pambo. Wenye kampuni waliisitisha New Gods mwaka 1972, baada ya matoleo kumi na moja.

Kazi zilizofuata, The Eternals ya 1976 na Devil Dinosaur ya 1978, zilidharauliwa kwa muda mrefu, na hapa mjadala umepata ushahidi mpya. Katika miaka ya sabini Kirby alikuwa akihifadhi nakala za kurasa zake za penseli kabla hazijapelekwa kutiwa wino. Alifariki Februari 1994, na mwaka huohuo likaanza jarida la The Jack Kirby Collector, ambalo limezichapa nakala hizo kwa wingi. Ndani yake hakuna Sinnott wala Colletta wala Royer. Penseli ni nzito, imekolezwa hadi weusi, na majitu ya The Eternals yanasimama juu ya milima kwa uzito uleule aliokuwa nao Galactus. Anayedai mkono ulikuwa umekwisha aanze na kurasa hizo, kisha arudi kwenye 1966 akiwa na macho ya kutenganisha penseli na wino.