Mdomo Usiouma

Kwenye ploti moja ya ghorofa sita hapa Umoja Innercore, juu kabisa penye kamba za nguo na matangi ya maji, anaishi Labrado mweusi aitwaye Simba. Alinunuliwa awe mlinzi, na kazi hiyo imemshinda: mgeni akitokea, mkia wake hucheza mpaka ndoo zinaanguka. Majirani lakini wana lalamiko jingine. Ndara zao hupotea mlangoni, kisha huonekana juu, zimekusanywa kando ya sahani yake. Niliwahi kuishika moja, ya raba laini, nikaigeuzageuza kwenye mwanga. Ilikuwa imelowa mate chapachapa. Alama ya jino, hakuna.

Pale ploti wanamwita mbwa mjinga. Mimi katika ile ndara naona ufundi wa karne nzima.

Chimbuko la Labrado, licha ya jina, si Labrador bali kisiwa jirani cha Newfoundland, mashariki mwa Kanada. Wavuvi wa huko walikuwa na mbwa weusi wa manyoya mafupi, wakiwatuma majini kurudisha samaki waliochomoka kwenye ndoana na kuvuta kamba za nyavu. Meli zilizopeleka samaki wa chumvi bandari ya Poole, Uingereza, zilishusha na mbwa hao. Akina Malmesbury, makabaila wa jirani, wakaanza kuwafuga mapema karne ya 19 kwa uwindaji wa bata. Miaka ya 1880 waliwapa wenzao wa ukoo wa Buccleuch, Scotland, mbwa kadhaa wakiwemo Ned na Avon, na damu ya hao wawili imeenea mno katika Labrado wa leo. Kennel Club ya Uingereza iliitambua nasaba hii mwaka 1903.

Kilichomtengeneza hasa, kwa maoni yangu, ni bunduki. Zamani ilishindiliwa baruti kupitia mdomoni, risasi moja ikachukua muda. Ilipokuja ya kujazwa kwa nyuma, mwindaji mmoja aliweza kuangusha ndege kwa makumi asubuhi moja. Sasa akahitajika mbwa wa kukaa kando ya bwana wake bila kufurukuta huku bunduki zinalia, akariri kila ndege ameangukia wapi, asiondoke mpaka atumwe, kisha amlete mzima mkononi. Ndege aliyetafunwa hafai mezani, na mbwa aliyemtafuna hakuzalishwa.

Hapo ndipo pagumu. Mbwa mwitu hufuata, hukamata, huua, hula. Ni mnyororo mmoja. Wafugaji waliuchukua mnyororo huo wakaukata katikati: kufuata na kubeba wakavikuza, kuua wakakufifisha kizazi baada ya kizazi. Kilichobaki ni mwindaji ambaye raha yake huishia kwenye kukabidhi. Mtazame Simba akiwa na ndara mdomoni. Hatoroki nayo. Huzunguka akimtafuta wa kuipokea, na asipompata, huiweka akiba.

Mwili nao uliundwa kwa maji baridi: mkia mnene wa kuwa usukani, manyoya ya tabaka mbili yenye mafuta. Baridi ya Julai ya Nairobi haimgusi. Jua la Januari juu ya saruji ndilo adhabu, maana mbwa hupoa kwa kuhema na hana jasho la kumsaidia.

Na tumbo! Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba takribani Labrado mmoja kati ya wanne ana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, ile inayosaidia kuuambia ubongo kwamba umeshiba. Miongoni mwa wale wanaofunzwa kusaidia walemavu, hitilafu hiyo ilikutwa kwa wengi zaidi. Haishangazi: asiyeshiba hufundishika kwa kipande cha biskuti. Ila mbwa huyohuyo akilishwa ugali na makombo ya mutura, bila kutembezwa, hugeuka pipa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, wakabaki ndege wachache kwa leseni. Bata wa kuokota ni haba, lakini pua haikukosa ajira. Labrado ni miongoni mwa nasaba zinazotegemewa duniani kunusa mizigo, kazi ambayo mbwa wa shirika la wanyamapori, KWS, huifanya uwanja wa ndege wa JKIA, si mbali na hapa, wakisaka pembe za ndovu. Mbwa hajui pembe ni nini. Anajua akiipata atarushiwa mpira wake.

Jumamosi iliyopita nilipanda juu na yai kutoka kibandani. Wawindaji wa zamani waliupenda mtihani huu. Nililiweka kwenye kitambaa mwisho wa paa, mwenye mbwa akamshika shingo, akahesabu mpaka kumi, akamwachia. Simba alilinusa, akalifunika kwa midomo, akarudi polepole kichwa juu. Likaanguka kiganjani mwangu likiwa la vuguvugu, limejaa mate, halina ufa.

Mwenye mbwa akalichukua, akalipasua kwenye sakafu. Simba aliramba mpaka maganda.